Lidege lisilo na mkia pale Mikumi

SWALI: Shikamoo mzee. Mi msomaji wenu wa Iringa. Juzi nilikuwa kwenye basi natokea Moro, tumeingia kile kipande cha mbugani Mikumi dereva kapunguza mwendo sababu ya matuta, mara nikaona lidege likubwa jeusi linakatiza juu ya barabara, chini ya mabawa kweupe pe ila ukingo wa nyuma una mstari mwembamba mweusi, na mkia sikuuona, yaani kama limekatwa. Halikupiga bawa hata mara moja, linayumba tu kama mlevi. Kufungua kamera ya simu limeshapotea, picha niliyoambulia ni kisogo cha abiria wa siti ya mbele. Jirani yangu akasema tumbusi, konda akasema mwewe. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wamekosa, huyo ni pungu, wengine humwita tai pungu, na umemuelezea vizuri kuliko ambavyo picha ingemuelezea. Watu wengi wakiniuliza wanaanza na rangi, alikuwa mweusi, alikuwa kahawia, sasa ndege akiwa juu na jua liko nyuma yake hata njiwa ni mweusi! We umeniambia umbo na namna anavyoruka, basi, kazi imekwisha.

Tumbusi mkia wake si mrefu lakini upo na utauona. Mwewe ndio kabisa, mkia wake mrefu na anaupindapinda kila saa. Pungu aliyekomaa mkia wake ni kipande tu, akiwa angani miguu inachomoza nje ya mkia, na kule kuyumba unakokuona ndio usukani wenyewe, analaza bawa hili anainua lile kama mtu anayetembea juu ya kamba huku kanyoosha mikono. Mabawa yakifunguliwa toka ncha hadi ncha ni kama mita 1.7 au 1.8, urefu wa mtu mzima, ndio maana anaweza kwenda mwendo mrefu bila kupiga bawa.

Halafu kuna kitu umekiona bila kujua thamani yake. Ule mstari mweusi mwembamba maana yake ni jike. Dume weusi wake ni mpana, unakula sehemu kubwa ya bawa kwa nyuma. Ndege wachache sana wa jamii ya tai unaweza kutaja jinsia yao ukiwa kwenye basi.

Ila usije ukajiamini sana kama mimi. Kuna siku nilibishana na wenzangu nusu saa nzima kuhusu ndege wa kahawia aliyetua kwenye mbuyu, mkia anao, uso hauna ule wekundu wa pungu, nikasema huyu sio pungu nikatwe sikio. Kumbe kinda! Kinda wa pungu ni kahawia mwili mzima na mkia wake ni mrefu kuliko wa wazazi, na mpaka avae rangi za ukubwani ni miaka kama 7 au 8. Sikio langu bado ninalo ila wenzangu hawajasahau.

Washona wa Zimbabwe wanamwita chapungu, sikia jina lilivyo ndugu na letu. Wale ndege waliochongwa kwa mawe kwenye magofu ya kale ya Great Zimbabwe kuna wanaosema ni chapungu na kuna wanaosema ni furukombe, yule tai mla samaki, na wale hawaruki wala hawakimbii, kwa hiyo usione aibu kwa sekunde zako chache za kwenye basi. Tangu 2020 pungu amewekwa kwenye daraja la walio hatarini kutoweka, kubwa ikiwa ni sumu, anapenda mizoga na watu wanatega mizoga yenye sumu kuua simba na fisi.

SWALI: Niko Mwanza, tai kaninyakulia samaki mkononi kweupe, ni tai gani huyo?

JIBU: Pole sana. Mkia una pengo katikati kama wa samaki? Mdomo wa njano? Huyo sio tai, ni mwewe. Furukombe wa ziwani kichwa na kifua vyeupe kama kanzu, na samaki anajivulia mwenyewe.