Wateja hawaniachi nipumue

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nachora kadi za harusi na za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, nachapisha Nasser Road. Sina bosi, lakini simu inalia hadi usiku wa manane: "badilisha rangi", "ongeza jina la mjomba". Nikipumzika naona kama natupa hela. Nifanyeje?
Mchoraji, Kampala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kinachokumaliza si kuchora, ni marekebisho yasiyokwisha. Kabla hujawasha kompyuta, mteja alipe nusu na alete majina yote yakiwa yameandikwa. Marekebisho mawili ni bure, la tatu lina bei. Familia ikijua hivyo, itakaa iyahakiki majina mapema. Simu ya kazi izime jioni. Sikufichi, wapo watakaokukimbia, waache waende.

Hofu ya hela naielewa sana. Dawa yake ni akiba: Desemba harusi zikiwa nyingi, tenga kwanza kodi ya nyumba ya miezi mikavu inayofuata. Mafundi wa lubugo, kitambaa cha magome ya mti, hapa Buganda wakishabandua gome la mtuba, huufunga mti kwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote. Nawe jifunge hivyo upate kupona, usione aibu kupumzika.

Jumapili panda teksi uende bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, ukae karibu na ziwa. Kompyuta ibaki nyumbani. Penseli chukua ukipenda, ila chora kitu ambacho hakuna aliyekuagiza.