Ukipima kimiminika kisichopenda maji, usiitikise chupa

Juzi kijana mmoja wa mwaka wa tatu kanitumia picha ya jedwali lake. Anapima toluini, kile kimiminika cha kwenye thina ya rangi, inayeyuka kiasi gani kwenye maji na namba zinapanda tu kila siku, Jumatatu 0.7, Jumanne 0.9, Jumatano imevuka gramu 1 kwa lita, na kila asubuhi anaipiga chupa kwa nguvu ili "iyeyuke vizuri". Toluini inayeyuka kama gramu 0.5 tu kwa lita kwenye nyuzi 25. Nikaona nikae niandike, maana na mimi nimepita humo humo na wiki tano zilienda bure.

Mimi kazi yangu ilikuwa ya yujenoli, ile kemikali ya mafuta ya karafuu inayowasha ulimi. Watu wa samaki wanaitumia kuwalaza samaki wakati wa kuwapima, kwa hiyo tulitaka kujua maji yenyewe yanabeba kiasi gani kabla mafuta hayajaanza kuelea humo kama matone. Nikafanya kama tulivyofundishwa, maji safi yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa tena, mafuta kupita kiasi, nikatikisa masaa mawili, nikaacha itulie usiku, asubuhi nachota. Siku ya kwanza nikapata gramu 4.1 kwa lita, ya pili 6.8, ya tatu 3.3. Nikabadilisha pipeti, ile bomba ya kuchotea, nikatengeneza upya mstari wa kulinganishia kwenye mashine inayopima kiasi cha kemikali, wapi.

Msimamizi wangu hakuniambia kitu, alichukua tochi ya leza, ile nyekundu ya kuonyeshea ukutani, akazima taa ya maabara akaipitisha kwenye chupa yangu. Kwa macho maji yalikuwa maangavu kabisa, lakini mstari mwekundu ukaonekana ndani umenyooka kama uzi, mwanzo mpaka mwisho. Akaipitisha kwenye bika ya maji matupu pembeni, leza ikapita bila kuacha alama. Ule uzi ni matone. Madogo mno huwezi kuyaona moja moja, ila yanaupiga mwanga ukarudi, na ukichota yanaingia kwenye pipeti na mashine inayahesabu kama yujenoli iliyoyeyuka wakati hayajayeyuka, yamening'inia tu.

Hapa ndipo vimiminika vinapotofautiana na vitu vya unga. Unga usioyeyuka ukiutikisa halafu ukachuja, punje zinabaki juu ya filta. Tone halibaki, linajikunja linapenya kwenye tundu, na filta zinazopenda mafuta zinalivuta lipite kirahisi zaidi. Filta za nailoni nazo zina shida yao, zinashika kemikali za jamii ya fenoli, na yujenoli ni mmojawapo, so unaweza kupata namba ndogo kuliko ukweli. Mi filta niliacha kabisa. Sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi mpaka matone yajitenge, inasaidia, ila tumia mirija ya glasi, plastiki inanyonya.

Dawa yake ni kukoroga polepole sana na kusubiri siku kadhaa. Mwongozo namba 105 wa OECD, ule ushirika wa nchi tajiri, wa mwaka 1995 una njia ya flaski kwa vitu vinavyozidi miligramu 10 kwa lita, na njia ya kolamu, yaani kupitisha maji kwenye bomba lenye kemikali ndani, kwa vilivyo chini ya hapo, usome, una mambo mengi mazuri kama kupima kwa siku tofauti mpaka namba zikubaliane. Lakini kwenye ile flaski unatikisa kwanza kwenye nyuzi 30 halafu unarudisha 20, na kwa kimiminika mi siipendi hiyo, maana maji yaliyoshiba kwenye joto ukiyapoza yanatema mafuta, na yanayatema kama ukungu. Niliiona hiyo Dar mchana umeme ulipokatika, AC ikazima, chumba kikapanda, usiku umeme ukarudi na asubuhi chupa zote zimekuwa kama maji ya mchele. Weka chupa kwenye beseni la maji lenye joto moja tangu dakika ya kwanza, 25 basi 25, mpaka mwisho.

Kukoroga kwenyewe, uso wa maji usiingie shimo hata kidogo, ukiona kishimo katikati punguza. Na angalia kimiminika chako kinakaa wapi. Toluini inaelea, kwa hiyo ile magneti ya kukorogea inayokaa chini ya chupa inazunguka ndani ya maji tu na haigusi mafuta, safi. Yujenoli ni nzito kuliko maji, inalala chini, na magneti ikizunguka pale inaikatakata kuwa matone upya. Nilining'iniza kijiti cha glasi chenye pangaboi kutoka juu, kikizunguka katikati ya maji, mafuta yametulia chini kama sarafu. Siku ya kwanza 1.6, ya pili 2.2, ya tatu 2.4, ya nne 2.4. Nilifurahi jamani! Namba inapanda kutoka chini halafu inasimama, na ikisimama siku mbili mfululizo ndio unaiamini.

Kuchota ni sehemu ambayo wengi wanaharibu kazi nzuri. Juu ya maji kunakuwa na utando mwembamba wa mafuta hata kama mengi yamezama, na sindano ikipita pale inabeba. Vuta hewa kidogo kwenye bomba la sindano, halafu wakati unashusha isukume hewa itoke polepole mpaka ncha ifike katikati ya maji, kisha ndio uvute. Mililita za kwanza mwaga. Futa sindano kwa nje. Sampuli iingie kwenye methanoli hapo hapo, usiiache kwenye kichupa peke yake hata robo saa, itapoa iteme matone au itanata kwenye kuta. Kwa vitu vinavyogeuka mvuke haraka kama toluini jaza chupa mpaka juu, ile nafasi ya hewa inakula kemikali yako.

Alafu kingine, mafuta niliyoanza nayo hayakuwa yujenoli tupu, yalikuwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ya Pemba, yana yujenoli nyingi pamoja na kariofileni, kemikali nyingine ya mafuta ambayo maji haiyataki kabisa. Ile 2.4 ni ya yujenoli safi niliyonunua baadaye. Kwa mafuta ya makonyo, chupa niliyoweka mafuta mengi ilinipa 2.2, na chupa niliyoweka mililita 3 tu kwa lita ikanipa 1.8, yujenoli imetoka mpaka kilichobaki ni kariofileni zaidi. Na hiyo niliiona kwa macho, tone lililokuwa limelala chini siku ya kwanza, siku ya tano nimelikuta linaelea juu, maana kariofileni ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo kama unapima mchanganyiko, pembeni ya namba yako andika na mafuta uliyoweka ni kiasi gani kwa maji kiasi gani, na joto, na siku ngapi.