Mimi nachagua pambio, sio staa

Mhariri, mmeuliza wiki hii ni wimbo gani wa kupinga utawala ndio alama ya uhuru kuliko zote, na kwa nini. Najua wengi watawatajia mastaa, mimi sitaji staa yeyote.

Nachagua "Yote yawezekana bila Moi". Wakenya walichukua pambio la kanisani ambalo kila mtu alikuwa analijua, lile la yote yawezekana kwa imani, wakachomoa imani wakamchomeka rais, basi, wimbo umeisha kutungwa! Hakuna studio, hakuna mtunzi wa kwenda kumkamata usiku. Tarehe 30 Desemba 2002 pale Uhuru Park Nairobi, Kibaki anaapishwa, Moi mwenyewe kakaa palepale jukwaani baada ya miaka 24 madarakani, na umati unamwimbia hivyo hivyo usoni. Hebu fikiria miaka ya themanini nani angethubutu.

Mi naona wimbo wa aina hii sio lazima uwe mtamu sikioni, lazima uimbike tu, yaani hata aliyechelewa kufika audake mstari wa pili na wa tatu awe anaongoza yeye. Watawala wanaweza kuzuia sahani isipigwe redioni lakini midomo elfu kumi utaizuiaje, utamkamata nani uache nani. Na anayeogopa akiwa peke yake, akisikia sauti yake imepotea ndani ya sauti za wenzake, uoga unapungua, hilo hotuba haiwezi. Afrika Kusini walimnyonga Vuyisile Mini, mwanaharakati na mtunzi wa nyimbo za kupinga ubaguzi wa rangi, pale Pretoria mwaka 1964, na wafungwa wenzake walisimulia kwamba alienda kitanzini akiimba. Nyimbo zake za kumwonya Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu, zikaendelea kuimbwa, mtunzi kafa lakini waimbaji wako kila kona.

Ila tusidanganyane kwamba wimbo unaangusha serikali. Ureno, usiku wa kuamkia Aprili 25, 1974, redio ilipiga "Grândola, Vila Morena" na hiyo ndiyo ikawa ishara kwa wanajeshi waasi kutoka kambini, tena wimbo wenyewe haumtukani mtu, unasifia mji na undugu wa watu wake. Lakini vifaru ndivyo vilivyoingia Lisbon.

Kinachoniudhi mimi ni wakubwa kujimilikisha nyimbo za watu wakishashinda. "Umshini wami", yaani bunduki yangu, ulikuwa wa wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC cha Afrika Kusini, halafu baadaye tukamwona mwanasiasa wa chama hicho, Jacob Zuma, anauimba na kuucheza mbele ya wafuasi wake nje ya mahakama akiwa na kesi zake binafsi, jamani! Wimbo wa ukombozi umegeuka wimbo wa mtu mmoja.

Kwa hiyo namba moja ni hilo pambio, mbili nyimbo za Mini, na huo wa Ureno nauweka wa tatu kwa sababu ulihitaji redio na wanajeshi.