Ferrari haijafa, punguza presha

Kaka unasema Ferrari imekwisha eti kwa sababu inaleta gari la umeme, hebu angalia namba kwanza. 2022 walisema ikifika 2030 umeme mtupu utakuwa asilimia 40 ya modeli zao, haibridi (petroli na umeme pamoja) 40, petroli peke yake 20, halafu Oktoba 2025 wakageuza kibao, petroli 40, haibridi 40, umeme 20 tu. Sasa hapo nani anaikimbia petroli? V12, yaani injini ya silinda 12, bado ipo kwenye modeli yao ya 12Cilindri, na hata ile Purosangue ya milango minne mliyoitukana weee ina V12 ya lita 6.5 bila turbo, tena walishasema haitazidi asilimia 20 ya magari wanayotengeneza.

Mi kinachonitia wasiwasi ni betri. Ferrari ya miaka ya 60 leo inapigwa mnada kwa mamilioni ya dola, na sababu mojawapo ni kwamba fundi anaweza kufungua injini yote akaisuka upya, ila seli za betri (vile vipande vinavyotunza umeme) zikichoka hazisukwi upya, ni kutoa na kuweka nyingine basi, na nyingine zitoke wapi kama kiwanda kimeacha kuzitengeneza? Wenyewe wanalijua hilo, ndo maana 2024 walileta waranti ya kulipia ya haibridi, betri inabadilishwa mwaka wa 8 na wa 16.

Gari la umeme litanunuliwa tu, wateja wa Maranello, huko Italia Ferrari inakotengenezwa, hela sio tatizo. Swali ni nani atalitaka likiwa mtumba.