Nipande misonobari au niache pajiotee?

Swali: Eneo langu msitu ulishakatwa, udongo umekuwa mgumu balaa. Nipande misonobari mitupu au niache pajiotee penyewe?

Jibu: Kama visiki bado vinachipua na kuna msitu jirani wa kuleta mbegu, acha tu pajiotee, we zuia moto na mifugo, maana ukiingiza trekta ndo unazidi kuharibu. Misonobari inakua fasta kweli, ila sindano zake (yale majani membamba) zinaoza polepole na asidi inaweza kuongezeka kwenye udongo. Pakiwa pamechoka kabisa changanya miti, weka na ya jamii ya mikunde kama migunga, halafu baadaye chimbua mizizi taratibu utaona vinundu, pasua kimoja, ndani kukiwa na rangi ya pinki ujue bakteria wa humo wanakamata naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mti. Kaboni ya udongo sasa, yaani ile inayotokana na majani na mizizi iliyooza, hiyo inarudi kwa miongo ya miaka, usiisubirie msimu ujao.