Rangi ya nywele imenivimbisha uso, naweza kudai fidia?

SWALI: Shangazi shikamoo. Ijumaa nilienda saluni kupaka rangi nyeusi, harusi ya binamu ilikuwa imekaribia, yule dada hakuniuliza kitu wala hakunijaribishia, akapaka tu. Jumapili naamka macho yamefunga, masikio yanatoka maji, hata herini hazivuliki. Saluni wanasema eti ngozi yangu ndo mbaya. Naweza kuwadai? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Ngozi yako haina kosa. Rangi nyingi nyeusi zina kemikali inaitwa PPD, na mwili ukishaikataa hausahau, ukirudia yaweza kuwa kali zaidi. Ulishawahi kupaka piko ikakuwasha? Piko nyingi inatiwa PPD hiyohiyo, wengi wanaanzia hapo bila kujua. Ndo maana pakiti huandikwa ujaribu kidogo kwanza, kisha usubiri, mara nyingi saa 48, na hao hawakufanya, hapo ndo dai lako liliposimama.

Leo hii piga picha kabla uvimbe haujashuka, tunza risiti, waombe boksi la ile rangi, na daktari aandike alichokiona. Waandikie barua ya madai, wakinyamaza nenda Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza hadi shilingi milioni 1, fidia ya majeraha ya mwili pia imo, na unaweza kujisimamia bila wakili. Mwisho wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu uumie. Ila pumzi ikibana au koo likivimba, acha yote kimbia hospitali sasa hivi.