Setilaiti ikiganda, nani anaizima?

Swali: Shikamoo Mzee Fundi. Mwanangu anasomea kompyuta chuoni, na sasa ameng'ang'ania kwamba anataka kuandika programu za kuendesha vipimo vya kisayansi ndani ya setilaiti. Mimi nauza mitumba Memorial, haya mambo siyajui. Ninachojua, simu yangu ikiganda naizima, naiwasha. Huko juu nani anaizima?
*Mama Neema, Moshi*

Jibu: Marahaba, Mama Neema. Inajizima yenyewe. Ndani ya kompyuta yake kuna saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma, na programu inatakiwa kuianzisha upya kila mara kabla haijafika sifuri. Programu ikiganda, saa inaisha, na kompyuta inazimwa na kuwashwa bila kuuliza mtu. Tatizo likiwa kubwa, chombo kinafunga vipimo vyake, kinageuza paneli zielekee jua kisije kikaishiwa umeme, halafu kinasubiri maagizo.

Mimi nahudumia vipima mvua na joto kwenye mashamba ya maua, Usa River. Kimoja kikigoma napanda pikipiki. Mwandishi wa programu ya setilaiti hana pa kwenda, ndiyo maana swali lako ndilo analolala nalo na kuamka nalo.

Na vya kuharibu ni vingi. Mionzi ya angani inaweza kupiga chipu ya kumbukumbu ikageuza sifuri kuwa moja, na data ikaharibika. Juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazili, ni mikali kiasi kwamba darubini ya Hubble ikipita hapo husitisha uchunguzi. Hakuna anayebonyeza kitu. Maagizo yalishatumwa mapema. Darubini ya James Webb imepewa hiari zaidi: ikikosa nyota ya kujiongozea, haikai kusubiri, inaruka kwenye kazi inayofuata. Hati zinazoendesha uchunguzi wake zimeandikwa kwa JavaScript. Mwambie kijana, atacheka, maana ndiyo wanayotengenezea tovuti.

Ila kisa ninachokipenda ni cha Voyager 1, chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichorushwa 1977. Novemba 2023 ilianza kutuma data zisizosomeka. Katika kompyuta inayokusanya data za vipimo vya sayansi kabla hazijatumwa, chipu moja ya kumbukumbu ilikuwa imekufa, pamoja na sehemu ya programu iliyokaa humo. Kuibadilisha haiwezekani, chombo kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Na hapakuwa na nafasi moja ya kutosha kuihamishia sehemu ile yote. Wahandisi wa NASA wakaikatakata, kila kipande wakakichomeka palipobaki upenyo, kisha wakarekebisha kila mahali programu inapoviita vipande hivyo, ijue vimehamia wapi. Kipande cha kwanza kilitumwa tarehe 18 Aprili 2024. Wakati huo ujumbe ulichukua kama saa 22 na nusu kufika, na jibu muda uleule kurudi. Tarehe 20 wakajua kimekubali. Ukikosea mstari mmoja, unaambiwa keshokutwa!

Mwache kijana aendelee. Aijue vizuri C, lugha ya kuandikia programu, anunue Arduino, kibao kidogo cha kompyuta cha kujifunzia, na kipima joto, akifunge juu ya bati hapo nyumbani, na asikiguse mwezi mzima. Umeme ukikatika na kurudi, kijiwashe. Kumbukumbu ikijaa, kijue cha kufuta. Vijana wengi huniletea vifaa vinavyofanya kazi mezani tu. Hivyo mimi sivihesabu.

Swali: Eti kuna setilaiti iliyowahi kuitwa Uhuru, au wananitania?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Jibu: Hawakutanii. Ilikuwa ya NASA, ikarushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, jina likatokana na hapo. Ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani, na ilifanya kazi hadi 1973.